Vichupa Viwili vya Mniko

"Jina la mtoto?"

"Mniko."

"La baba?"

Eunice akamtazama mama mkwe wake. Nesi Agness alikuwa ameinamia daftari, kalamu yake inasubiri, na nyuma yao foleni ya kina mama wenye watoto mgongoni ilikuwa imefika hadi kwenye ngazi. Mniko alikuwa na miaka minne. Alilala begani kwa Eunice, midomo imekuwa myeupe, anahema haraka haraka na mbavu zinaonekana zikiingia na kutoka.

"Nyamhanga," Mogesi alijibu kabla Eunice hajafungua mdomo. "Andika Mniko Nyamhanga, wa Kewanja."

Nyamhanga alikuwa na miaka tisa kaburini. Fomu ya hospitali, kama fomu zote, haina nafasi ya kueleza jambo la namna hiyo, na Agness, mzaliwa wa huku huku, hakutaka maelezo. Nyumba ntobhu anaijua. Mwanamke asiyejaliwa kuzaa anatoa ng'ombe, anaoa binti, binti anazaa, na mtoto anakuwa wa nyumba ya mwenye ng'ombe, kwa jina la mume wa mwenye ng'ombe, awe hai au marehemu. Mwanamume aliyesaidia hatajwi. Anakuja kimya kimya, anaondoka, basi. Mogesi alimtolea Eunice ng'ombe kumi na wawili, na Mniko ndiye jibu lake kwa wote waliomcheka miaka ishirini kwamba boma lake litaota majani.

"Leo mmepangana?" Agness alisema, akicheka kidogo kwa uchovu. "Kitanda cha tatu kuna Mniko Nyamhanga mwingine, wa Ringwani. Nendeni cha nne."

Hospitali yenyewe sitaitaja. Atakayejitambua, ajitambue.

Mwenye kitanda cha tatu aliitwa Teresia, mwanamke mnene wa maneno mengi, na aliposikia jina la mgeni alipiga makofi katikati ya wodi.

"Wajina! Mwanangu amepata wajina! Karibuni jamani. Shikamoo mama."

"Marahaba," Mogesi alisema.

"Wa kwangu naye ni malaria. Juzi alikuwa anaongea, leo ananiangalia tu." Akamimina uji kutoka kwenye chupa ya chai, akampa Eunice kikombe. "Kunywa, mwenzangu. Wewe ndiye unayemshika. Ukianguka wewe, nani atamshika?"

Eunice alikunywa. Hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu jana mchana, na uji ule wa ulezi, wenye sukari nyingi kuliko alivyozoea, ulimfanya atake kulia. Watoto wawili walilala kichwa kwa kichwa, kitanda na kitanda, wote weupe viganja, na mtu asiyewajua angedhani ni ndugu.

Saa nne Agness alipita na sinia la sindano. Alikuwa peke yake na watoto thelathini na wanne, mwenzake yuko kwenye semina, na tangu saa kumi na mbili alikuwa hajakaa. Alimtoa damu Mniko wa Teresia, akamtoa Mniko wa Eunice. Kwenye kichupa cha kwanza akaandika "Mniko Nyamhanga." Kwenye cha pili akaandika "Mniko Nyamhanga." Namba ya mgonjwa ina tarakimu nane, na kalamu inateleza juu ya plastiki, na kitanda cha saba mtoto alikuwa ameanza kutapika. Aliviweka vichupa vyote viwili kwenye kona ya sinia, akakunja zile fomu mbili akazibana chini yake, akakimbilia kitanda cha saba.

Sitaki mtu amwone Agness ni mtu mbaya. Angekuwa mbaya, kisa hiki kingekuwa chepesi kusimulia.

Sinia lilipofika dirisha la maabara, ndani kulikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa kijana wa zamu ya asubuhi. Wa pili alikuwa Hamim, mtoto wa muuza vitenge wa Bomani, mtaalamu wa maabara hiyohiyo, lakini asubuhi ile hakuwa kazini. Alikuwa amekaa kwenye stuli kando ya dirisha na daftari lenye safu alizozipiga kwa rula. Alikuwa anafanya utafiti wa shahada yake kuhusu ubora wa upimaji wa damu: vichupa vingapi vinaingia maabara bila namba, vingapi bila saa, vingapi vimeganda. Msimamizi wake chuoni alimwambia, na yeye akakubali, kwamba kwa wiki mbili atazame tu, asiseme neno. Akisema, watu watajirekebisha kwa kumwogopa, na hesabu zake zitakuwa za uongo.

"Mwandishi wa makosa," kijana wa zamu alimtania. "Leo umetukamata mangapi?"

"Endelea na kazi yako, mimi sipo."

Aliviona vichupa viwili vya Mniko. Aliona jina moja mara mbili, aliona hakuna namba. Kijana akavipachika kwenye fomu kwa jinsi vilivyomfikia mkononi, hiki kwa hii, kile kwa ile. Hamim akatia alama mbili kwenye safu ya "bila namba." Ikawa sitini na mbili, sitini na tatu. Kisha akaenda kunywa chai.

Daktari alikuja na majibu saa tano na nusu. Alikuwa kijana mpole, na upole wake uliwatisha zaidi.

"Damu ya mtoto ipo tatu nukta sita. Ni kidogo sana. Ndiyo maana anahema hivyo, moyo unakimbia kutafuta damu ambayo haipo. Anatakiwa kuongezewa leo."

"Muongezeeni," Mogesi alisema.

"Kundi lake ni O hasi, mama. Hilo ni adimu, na kwenye friji hatuna O ya aina yoyote. Mtu wa O anapokea ya O peke yake. Ukimpa nyingine, mwili unaipiga vita, na anakufa mikononi mwetu. Nimepiga simu Mwanza, wanasema itafika kesho mchana."

"Na yeye atafika kesho mchana?" Eunice aliuliza.

Daktari akaangalia karatasi zake. "Tafuteni ndugu wapimwe."

Kisha akageukia kitanda cha tatu, na hapo Eunice alisikia kwa masikio yake jambo ambalo baadaye alitamani asingelisikia. "Wewe una bahati, mama. Wako ni B chanya, na za B zipo mbili. Nikitoka upasuaji tunamtundikia."

Teresia alianza kumshukuru Mungu kwa sauti, akakumbuka waliokuwa pembeni yake, akanyamaza katikati ya neno. Eunice alimchukia. Alimchukia mwanamke aliyempa uji, alimchukia mtoto wake na bahati yake. Ilikuwa chuki ya muda mfupi lakini ilikuwa ya kweli, na niiseme kama ilivyokuwa.

Wakapimwa. Mogesi akatokea kundi A. Eunice akatokea AB.

"Haimfai," kijana wa maabara alisema kupitia dirishani, akimpa Eunice pamba ya kubana kidole.

"Mimi ndiye niliyembeba tumboni, damu yangu haimfai vipi?"

"Dada, sijui kukueleza hapa. Haimfai. Leteni baba yake."

Nyuma ya wodi kuna karo za kufulia. Hapo ndipo walipozozana, kwa sauti ya chini kwa sababu ya watu, huku maji ya bomba yakimwagika bure.

"Nampigia Vicent," Eunice alisema.

"Huyo mtu hana jina."

"Ana damu, mama."

Mogesi alifunga bomba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mrefu, mwenye mgongo ulionyooka, na kijijini walizoea kumwona akipita na ng'ombe wake peke yake kama mwanamume. "Nisikilize, mkamwana. Huyo Vicent anaponda mawe ya dhahabu kule karasha, na hela zikimwishia anakaa pale dukani anasema ana mtoto wa kiume kwangu. Nimemvumilia kwa sababu anasema akiwa amelewa. Leo nimwite mimi mwenyewe, aje mbele ya daktari, aandikwe? Kesho nitamfukuza kwa mdomo gani?"

"Na Mniko akifa, utamfukuza kutoka wapi?"

"Usiseme hilo neno."

"Nalisema! Anakufa, mama. Wewe umeona mabega yake yanavyopanda. Wewe unahesabu ng'ombe, mimi nahesabu anavyohema."

Miaka sita Eunice hakuwahi kumpandishia sauti. Mogesi aliinua mkono, na mkono ukabaki hewani, ukarudi kwenye khanga yake. Hakumpiga. Lakini hakusema "piga simu" pia. Alitazama ukuta.

Simu ya Eunice haikuwa na salio hata la kubipu. Akarudi wodini, akasimama mbele ya kitanda cha tatu akiwa ameinamisha kichwa, akamwomba Teresia simu, yeye aliyekuwa amemchukia nusu saa iliyopita. Teresia hakumwuliza anampigia nani. Alimpa na kusema, "Ongea mpaka iishe, mwenzangu."

Vicent alipokea mlio wa pili, na nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma. Eunice alimweleza kwa maneno machache. Mwanamume akauliza, "Yeye mwenyewe Mogesi anajua unaniita?"

"Anajua."

"Nakuja."

Akaenda kumsubiri getini.

Saa nane kamili Hamim alivaa koti jeupe, akaingia zamu yake, na kitu cha kwanza alichofanya, kwa mazoea ya mtu anayetafuta makosa, ni kusoma rejista ya asubuhi. Alisoma, akarudia. Mtoto Mniko Nyamhanga, kitanda cha nne, O hasi. Mchangiaji Eunice, mama wa mtoto, AB.

Jambo hilo haliwezekani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Mwenye AB ana A na ana B, na lazima amwachie mtoto moja kati ya hizo mbili, ilhali mtu wa O hana hata moja. Hamim akakumbuka dirisha, akakumbuka sinia, akakumbuka alama zake mbili.

Alikwenda wodini mwenyewe. Alitembea upesi lakini hakukimbia, maana kukimbia kungekuwa kukiri. Kitanda cha nne alimkuta mwanamke mtu mzima amempakata mtoto, anampepea kwa ncha ya khanga. Eunice hakuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura, kijana wangu."

"Natoka maabara. Samahani, nani mama wa mtoto huyu?"

Mogesi aliitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwa kijana. Tangu kwenye karo alikuwa na jambo moja tu kichwani: kwamba Vicent yuko njiani, na kwamba kabla ya jioni hospitali hii itakuwa imeandika mtoto ni wa nani. Na sasa huyu hapa, mtu wa karatasi, amekuja kuuliza. Alinyoosha mgongo.

"Mimi," alisema.

"Wewe mwenyewe? Na yule dada aliyepimwa asubuhi?"

"Yule ni binti wa nyumbani kwangu. Mtoto ni wangu. Kawaulize Kewanja yote, mtoto wa nyumba hii mama yake ni Mogesi."

Hakuwa anadanganya. Kwa mila yake alikuwa anasema kweli tupu, na angeisema hivyo hivyo mbele ya wazee wa ukoo na mbele ya kaburi la mumewe. Hamim, aliyezaliwa Bomani kwa wazazi waliotoka Tanga, alikuwa amelisikia neno nyumba ntobhu maishani mwake, kama unavyosikia habari za jirani kupitia ukutani. Halikumjia. Alimkadiria mwanamke yule umri, akatoa miaka minne, akaona inawezekana. Akatazama rejista: Mogesi, A. Mama wa A anaweza kumzaa mtoto wa O vizuri kabisa. Hesabu ikakaa sawa.

Alitaka iwe sawa. Hilo ndilo nisiloweza kumsamehe kwa haraka. Ilikuwa kuuliza neno moja zaidi, "wa kumzaa?", au kuchukua sindano na kumtoa mtoto tone jingine, dakika kumi. Alisema, "Ahsante mama, Mungu atamjalia," akarudi maabara, akaioanisha damu ya B na kichupa kilichopachikwa kwenye fomu ya Mniko wa Ringwani. Vikakubaliana, akatia sahihi, akaitoa pakiti.

Saa tisa walimtundikia Mniko wa Teresia. Teresia alikaa chini ya ile pakiti akiitazama inavyodondoka, na mara moja moja aliwageukia wenzake kwa aibu, kama mtu anayekula mbele ya wenye njaa.

"Wa kwenu pia itapatikana," alisema. "Mungu hawezi kumpa mmoja akamnyima wajina wake."

Mogesi aliitikia kwa kichwa.

Baada ya robo saa mtoto wa Teresia alianza kutetemeka. Meno yaligongana, akalia kwamba mgongo unauma, akataka kushuka kitandani. Agness alikuja mbio, akamgusa paji la uso. "Homa inapanda. Malaria hiyo." Alimpa dawa ya homa, akamfunika blanketi la pili, akaongeza kasi ya damu kidogo ili imalizike mapema. Alikuwa anafanya jambo jema kwa kadiri alivyojua.

Vicent aliingia getini saa kumi akiwa na vumbi jeupe la mawe hadi kwenye kope. Eunice alimpeleka moja kwa moja dirisha la maabara. Miaka mitano hawakuwahi kuonekana pamoja mchana.

Hamim alimtoboa kidole. "Wewe ni nani kwa mtoto?"

Vicent alikuwa na maneno haya kifuani kwa muda mrefu, na hakutegemea kwamba mtu mwenye koti jeupe ndiye angemwuliza.

"Mimi ni baba yake," alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la wagonjwa. "Andika hapo. Vicent, baba wa Mniko. Mtoto wa kiume."

"Na mama yake ni yule mama mtu mzima wodini?"

Vicent akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Yule ni mwenye nyumba. Mwenye ng'ombe. Aliyenizalia ni huyu hapa." Akamwonyesha Eunice kwa kidole kinachovuja damu. "Mila zetu ndivyo zilivyo, ndugu. Yeye anaitwa mama, lakini tumbo ni la huyu."

Hamim alimtazama Eunice. "Wewe ndiye uliyemzaa?"

"Mimi," Eunice alisema. "Nilisema tangu asubuhi."

Safari hii alikimbia. Alikimbia na koti lake likipepea, mkononi vichupa viwili vitupu, na watu kwenye benchi wakasimama kuona kuna nini. Alimtoa damu Mniko wa Kewanja, akaandika tarakimu zote nane palepale kitandani. Akageukia kitanda cha tatu, na akaona alichokuwa anakiogopa. Teresia alikuwa ameshika kopo la plastiki ambalo mtoto alikojolea, analitazama kwa mshangao. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea.

"Funga hiyo damu!" alimpigia kelele Agness. "Funga! Siyo yake!"

Agness alifunga. Zaidi ya nusu ya pakiti ilikuwa imekwisha kuingia.

Majibu yalichukua dakika saba. Mniko wa Kewanja alikuwa B chanya. Mniko wa Ringwani ndiye alikuwa O hasi. Damu iliyokuwa ya mmoja ilikuwa kwenye friji tangu asubuhi, pakiti mbili, hatua sitini kutoka kitandani kwake, na mwenzake alikuwa anauawa nayo.

Walifanya waliyoyajua. Maji, dawa, oksijeni, simu Mwanza tena na tena. Damu ya Vicent ilikuwa O chanya, wakaichukua upesi, bora hiyo kuliko kukosa, lakini figo zilishagoma na moyo ulikuwa umechoka. Mniko wa Teresia alikufa saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa bado dirishani. Wakati huohuo, kwenye kitanda cha jirani, pakiti ya B iliyobaki ilikuwa inadondoka ndani ya Mniko wa Eunice, na mabega yake yalikuwa yameacha kupanda.

Hamim alikuja kwa Mogesi, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, nilikuuliza."

"Uliniuliza nani mama yake. Nikakujibu."

"Nilipaswa kuuliza aliyemzaa."

"Na wakati ule," Mogesi alisema, "ningekujibu vilevile."

Asubuhi Mniko aliomba uji. Aliuomba kwa hasira, kama mtoto mwenye afya anavyoomba, na Eunice akashindwa kuushika mdomo wake usicheke, huku macho yanamwagika. Hapakuwa na uji. Uji ulikuwa wa Teresia.

Vicent alisimama ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amenawa uso. Alinyoosha mikono ampokee mtoto, na Mogesi, aliyekuwa amempakata, akaikaza mikono yake. Mniko alimtazama mwanamume yule mgeni, kisha akajificha shingoni kwa bibi. Vicent akairudisha mikono mfukoni. "Nitakuja nyumbani tuongee," alisema. Mogesi alijua atakuja, na alijua kwamba safari hii hatakuwa amelewa.

Saa tatu gari la Ringwani lilikuja kuchukua maiti. Kwenye karatasi ya kaka yake Teresia, aliyekuja na gari hilo, daktari alishaandika: malaria kali, upungufu wa damu. Usiku ule mkuu wa hospitali alimwita Hamim ofisini, na mlango ulifungwa, na Hamim alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Teresia aliingia wodini kuchukua vitu vyake. Ndala za mtoto, chupa ya chai, blanketi. Sauti yake ya jana ilikuwa imekwisha. Alisimama kando ya kitanda cha jirani zake, akamgusa Mniko shavu.

"Wajina anaonekana vizuri."

"Anaendelea," Eunice alisema, akitazama sakafu.

"Namshukuru Mungu." Alimsogezea Eunice chupa ya chai. "Kuna uji umebaki. Si wa leo lakini haujachacha."

Eunice aliipokea kwa mikono miwili na kuanza kulia kwa sauti, na Teresia, mfiwa, ndiye aliyempapasa mgongo. Kisha akamgeukia daktari, aliyekuwa amefika mlangoni na mafaili, na Agness nyuma yake, na Hamim nyuma ya Agness.

"Daktari, mimi sikusoma sana. Lakini jana nilimsikia huyu kijana. Alisema, 'Siyo yake.' Alipiga kelele, funga, siyo yake. Na nyie mmeniandikia malaria." Hakupandisha sauti. "Sitaki kesi. Sina wa kumshitaki. Nataka nikimzika niwe najua. Nani alikosea?"

Daktari alifungua faili moja, akalifunga, akafungua jingine. Agness alikuwa anatazama vidole vyake, vile vilivyoshika kalamu. Hamim alikuwa na daftari lake mfukoni mwa koti, lenye alama zake mbili na mstari uliopigwa kwa rula, na mkono wake uliingia mfukoni, ukalishika, ukabaki humohumo. Kila mmoja pale alikuwa na kipande chake cha jibu, na kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aanze.

Mogesi alimtoa Mniko kifuani. Mtoto alimng'ang'ania khanga, akamfungua vidole kimoja kimoja, akamweka mapajani kwa Eunice, mbele ya Vicent, mbele ya daktari na wodi nzima.

"Mpakate mwanao," alimwambia.

Akasimama. Alikuwa mrefu kuliko Teresia, na ilibidi ainamishe kichwa ili macho yao yakutane.

"Mimi," alisema.